Kiti Kitupu cha Nyuma

Wasomaji wangu, Jumamosi tulimzika yule Mkongo wa mji wetu wa Euless, huku ughaibuni, niliyewahi kuwadokezea hapa, mpakiaji mizigo wa ghala la karibu na uwanja wa ndege. Moyo ulisimama akiwa kazini. Leo sina la kuwafariji, mnisamehe.

Tulijuana gari langu lilipoharibika, akawa ananipa lifti. Siku ya kwanza mbele kulikuwa na mwenzake, nami nikabanwa nyuma kando ya kiti cha mtoto mchanga, kitupu, kimefungwa mkanda barabara. Nikauliza mtoto yuko wapi. Akacheka. "Ndugu yangu, mutoto ameisha kufika mu roho. Inabakia mwili tu." Huo mwili ulikuwa katika kambi ya wakimbizi, Afrika, pamoja na mama yake, ukingoja kibali cha kusafiri. Alilishika lile neno la Injili la kuomba ukiamini umekwisha kupokea, na alilisoma kwa namna yake: ya nje hufuata ya ndani, kwa hiyo moyo ukitetereka hata kidogo, umejifungia mlango mwenyewe.

Miaka ikapita. Binti akaanza shule kule kule kambini, akang'oka meno. Nikamwambia, bwana wee, kiti hiki hakimtoshi tena, nunua kikubwa. Lo, alivyonikasirikia! "Nikikibadilisha, ni kusema Mungu amechelewa." Kila ombi la kuileta familia lilipokwama, hakumlaumu afisa yeyote. Alisema, jana niliogopa kidogo, ndiyo maana. Hilo ndilo linaloniuma, jamani. Amekufa akijiona yeye ndiye aliyewazuia mke na mtoto wake.

Mazishini tuliwapigia kwa video. Mama alilia tu, simu ikashikwa na binti, sasa ana miaka minane. Hakuuliza baba amekufaje. Aliuliza, "Kiti yangu ingali mu gari?"

Nikamwambia kipo.

Akasema polepole, "Basi ni mimi. Juzi niliogopa kwamba hatutafika."

Sijui tumewalisha nini watoto hawa. Sina ugomvi na imani, na Jumapili nitakuwa kanisani kama kawaida. Lakini wewe unayemfundisha mtoto kwamba moyo wake unaumba mambo, mfundishe mapema kwamba yako mengi, makubwa na mabaya, ambayo moyo wake haukuyaumba. Usingoje siku ya mazishi. Mimi nilimwambia siku hiyo, si wewe, mwanangu, wala si baba yako. Nikarudia, nikarudia tena. Hakuniamini.