Nepi ilikuwa na damu, na mimi baba mkwe sikuambiwa

Wakuu wa hapa ndani, hamjambo nyote.

Mimi ni mzee wa Kitui, ule upande wa kuteremkia Makueni. Shule niliacha mapema nikafuata mbuzi, kwa hivyo mkiona herufi imeruka mniwie radhi. Naandika na kidole kimoja. Lakini haya nitasema niliyaona na macho yangu, na mwenyewe anayehusika ameniruhusu niyaseme.

Kabla sijafika kwa mtoto, ngojeni kidogo.

Zamani nilikuwa turnboy wa lori, yule msaidizi wa dereva. Tukitoka Mombasa na mzigo tulikuwa tunasimama Mtito Andei tunakula. Siku moja nimekaa hotelini, nimeletewa nyama ya mbuzi na chapati, moto, mvuke bado unatoka. Kuinua macho hivi, naona mlangoni anaingia mama mkwe wangu!

Yeye ni wa Kikima. Mtito alikuwa anatafuta nini sikujua, na hadi leo sijui.

Wakuu, nilitokea mlango wa jikoni. Niliruka sufuria ya maharagwe. Mpishi akanikimbiza na mwiko mkononi, "Wewe! Rudi ulipe, mwizi wewe!" Dereva wangu ndiye alienda kunitetea, akicheka mpaka machozi. Ile nyama akaila yeye.

Wasio Wakamba mtasema huu ni wazimu. Kwetu iko kitu inaitwa nthoni. Ni heshima na aibu zimepikwa pamoja. Mama mkwe hukai naye meza moja. Na mimi pia na mke wa kijana wangu, kuna mpaka. Hatutaniani, na mambo ya mwili hayatajwi kati yetu kabisa.

Siku hizi naona vijana wako WhatsApp group moja na mama mkwe, wanatumiana vikatuni vya kucheka. Sawa, kila mtu na zake. Mimi hiyo heshima naipenda, na sijakuja hapa kuitukana. Nimekuja kusema kidogo tu iliponifikisha.

Kijana wangu Musyoka ni dereva wa malori, maisha yake ni barabarani. Mke wake Mwende anakaa na sisi hapa nyumbani. Walijaliwa mtoto wa kiume, akapewa jina langu kama desturi. Sasa kwa hiyo nthoni Mwende hawezi kutaja jina langu, kwa hivyo mtoto anamwita Mzee.

Mgeni akija hapa anashangaa. Anasikia kwa jikoni, "Mzee, fungua mdomo! Mzee, umejikojolea tena?" Halafu mgeni ananiangalia mimi suruali.

Haya. Mtoto alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, ameanza na uji. Mke wangu akaenda Kikima kwa matanga ya dada yake. Tukabaki mimi, Mwende na Mzee mdogo.

Asubuhi nikasikia analia. Mimi nimelea watoto, kilio cha njaa nakijua. Hiki hakikuwa hicho. Analia kwa nguvu, magoti ameyakunja mpaka kwa tumbo, halafu ananyamaza ghafla, analegea kama kitambaa kimelowa. Unasema sasa amepona. Kidogo tu, anaanza tena.

Nikauliza nikiwa nje ya mlango, "Mama, mtoto ako na nini?"

"Ni meno, Baba."

"Amenyonya?"

"Anatapika kidogo."

Nikasema meno au si meno, twende dispensary. Tukaenda. Tukaingia kwa daktari wote watatu, mimi nikakaa katikati kama mwenyekiti wa kamati, maana mimi ndiye mwanaume wa boma.

Daktari akauliza, "Choo ya mtoto ikoje?"

Akaniangalia mimi. Mimi nitajua wapi?

Akaangalia Mwende. Mwende alikuwa anaangalia sakafu. "Iko tu sawa," akasema.

Daktari akapima joto, akatupatia ORS, ule unga wa kuchanganya na maji, akasema tukiona mabadiliko yoyote turudi haraka. Simlaumu hata kidogo. Alifanya kulingana na vile alijibiwa.

Kufika nyumbani tukapata jirani yetu Syokau anatungoja. Huyu mama ndiye anakanda matumbo ya watoto hapa kijijini, tangu Musyoka akiwa mdogo.

"Hilo tumbo limefungana," akasema hata kabla hajamwona. "Leteni mafuta nimkande sasa hivi."

Akaweka tu mkono kwa tumbo, mtoto akapiga ukelele sijawahi kusikia. Mwende akamnyakua.

"Usimguse!"

"Heh! Umezaa mmoja na unanifundisha kazi?"

"Huyo mmoja ndiye huyu!"

Syokau akachukua leso yake akaenda akinung'unika vile wasichana wa siku hizi hawana adabu. Mimi moyoni nikasema, huyu msichana hajawahi kumjibu mtu mzima hata siku moja. Kuna kitu anajua.

Hapo hapo mtoto akatapika. Matapishi ya kijani, wakuu. Kama maji ya sukuma wiki iliyochemka.

Mwende akaniangalia. Akafungua mdomo. Akaufunga.

Nikaona neno limekaa pale kwa koo na haliwezi kutoka kwa sababu yangu. Nikachukua kiti changu, nikakigeuza, nikampa mgongo. Nikaangalia zizi.

"Mama," nikamwambia, "mimi hapa naangalia mbuzi. Mimi siko. Ambia hao mbuzi."

Nasikia tu mtoto anahema.

Halafu akasema, "Nyinyi mbuzi... mtoto anakunya damu."

Akaanza kulia. "Tangu asubuhi. Ni kama jam ya kupaka mkate, imechanganyika na makamasi. Nepi nimeificha nyuma ya choo."

"Na mbona hukumwambia daktari?"

"Si ulikuwa umekaa hapo, Baba."

Hilo neno liliniingia. Nikasema tu, lete hiyo nepi.

Nikaitia kwa ndoo ya rangi yenye kifuniko, nikaibeba mwenyewe. Boda boda mpaka barabara kubwa, gari mpaka Kitui, hospitali. Njiani mtoto hakuwa analia tena, na mimi nilikuwa naomba alie.

Kule nilifanya kitu kimoja tu cha maana. Nilifungua ndoo mbele ya daktari, nikamwambia mama wa mtoto yuko hapa, yeye ndiye anajua, muulize yote. Kisha nikatoka nikafunga mlango.

Nikiwa nje nilisikia Mwende anaongea bila kusimama. Sikujua msichana huyo ana maneno mengi hivyo.

Wakamwekea maji ya mshipa, wakapiga picha ya tumbo. Daktari, mama mmoja mpole, akatueleza akishika mkono wa sweta yangu. Akausukuma ukajiingiza ndani yake. "Mzee, unaona? Utumbo wa mtoto umejiingiza hivi, kipande kimoja ndani ya kingine. Ndiyo maana chakula hakipiti na damu inatoka. Lazima tuurudishe, na lazima iwe leo."

Nikampigia Musyoka simu. Alikuwa amesimamisha lori, Mtito hapo hapo.

"Baba, wampasue?"

"Wampasue."

"Atapona?"

Nikamwambia simu inakata. Haikuwa inakata.

Mtoto akaingizwa theatre, kile chumba cha upasuaji. Nilihesabu matofali ya ukuta nikasahau nilifika wapi.

Daktari akatoka, akavuta ile barakoa, nikaona anatabasamu. Akasema utumbo umevutwa pole pole umerudi, bado ulikuwa na rangi nzuri, hawakukata kitu. Akasema kama tungelala naye nyumbani utumbo ungeoza, na kama ungekandwa zaidi ungeweza kupasuka.

Nilikaa chini. Si kwa kiti. Chini.

"Lakini asinyonye bado," akaongeza. "Sasa tunangoja ajambe. Hewa ikipita, tunajua njia imefunguka."

Basi tukaanza kungoja. Wakuu, mimi nimengoja mvua, nimengoja mishahara ya lori, sijawahi kungoja kitu kama huo ushuzi. Mwende ndani ya wodi na mtoto, mimi kwa korido, kwa sababu wodi ni ya akina mama. Kila nesi akipita nataka kumuuliza na naona haya.

Halafu nikasikia sauti. Si nesi. Ni Mwende, yule wa kuangalia sakafu, anaita mpaka korido nzima inageuka.

"Baba! Baba! Mzee amejamba! Amejamba kwa nguvu!"

Wodi yote ikapasuka kwa kicheko. Mama mmoja akapiga vigelegele. Nesi akatoa kichwa mlangoni akanicheka, "Ni wewe Mzee? Pole, tumesikia habari zako."

Na mimi nikajibu kwa sauti, mbele ya watu wote, "Asante Mungu! Mwambie aongeze!"

Nthoni ilikuwa imeenda kupumzika siku hiyo.

Sasa wazazi, haya ni vile daktari alituambia, mimi si daktari. Mtoto kucheua maziwa kidogo na bado ananenepa na anacheka, hiyo ni kawaida, msikimbie. Lakini kilio kinachokuja na kuondoka akikunja magoti, katikati analegea, matapishi ya kijani, choo yenye damu, tumbo limevimba gumu, hiyo usingoje hata jioni. Meno hayaleti damu kwa choo. Usimkande, usimpe dawa ya mizizi. Mpeleke hospitali, na nepi uibebe.

Na sisi wazee wa kiume tukisindikiza, tukishafika, tutoke nje. Mama aachwe aongee. Au kama ni nyumbani, geuza kiti.

Mtoto sasa anatambaa, kovu limekauka, jana amekula ndizi akanipaka iliyobaki kwa kofia.

Kama iko mtu yalimpata kama haya, aandike hapa chini, mwingine asome akimbie mapema. Maswali ya nepi na ya choo muulizeni Mwende, simu namwachia yeye, atawajibu kuliko mimi. Ananiita nimshike Mzee abadilishwe.

Mimi nimeenda. Msiningoje.