Juzuu ya Baba kwenye Excel

Leo nimelizwa na fomula ya Excel, wallahi.

Khitma ya Ramadhani tumegawana juzuu thelathini za Qur'ani, ndugu wa Langoni na wa Pate. Ukimaliza yako, unaandika "nimesoma" mbele ya jina lako. Mimi nikaweka =COUNTIF(C2:C31,"nimesoma") ituhesabie.

Imekwama ishirini na tisa. Mama kwenye simu ananiapia: "Zote zishasomwa, mwanangu!"

Nikakagua mabano, mkato, alama za kunukuu. Fomula haina kosa. Ila inahesabu "nimesoma" tu, neno jingine hailioni.

Nikashuka jina kwa jina hadi la Baba. Tangu tumzike, sijapata moyo wa kulifuta kwenye orodha yetu ya kila mwaka.

Mbele yake Mama ameandika: "Nimemsomea."

Sikuligusa neno lake. Nimeongeza COUNTIF ya pili, ya kulihesabu.

Thelathini.

Ukipita hapa, mwombee Baba.