Kipimo cha Antena Nyuma ya Nyumba ya Dada

Antena ilisimamishwa juu ya kilima nyuma ya nyumba ya shemeji yangu, hapa Gisenyi, miaka ile ya mwisho ya tisini, wakati wenye simu za mkononi walikuwa wachache na wote walipenda kuzungumza katikati ya barabara ili tuwaone. Muda si mrefu mimba ya dada ikatoka. Ikatoka ya pili, halafu ya tatu. Mama mkwe wake, aliyerudi kutoka Kongo na wanawe pamoja na ulimi wake mkali, akaanza kumtazama kama gunia la viazi alilouziwa zuri juu, limeoza chini.

Sijui nani mtaani alikuwa wa kwanza kusema kwamba antena inakula watoto tumboni. Lisemwalo lipo, watu walisema, na dada akaishika habari hiyo kwa mikono miwili. Mwanzoni nilimcheka. Niliacha nilipoelewa kwamba kama antena ina kosa, basi yeye hana. Shemeji alikuwa mpole, wale wapole wasioweza kumkatalia mama yao kitu, na mama huyo alikuwa ameshasema waziwazi kwamba shamba lisilotoa huachwa. Kilichokuwa kikimzuia dada asirudishwe kwetu ni zile nguzo za chuma tu.

Malalamiko ya mtaa yakafika mbali, mpaka wenye antena wakamtuma fundi aje kupima. Alikuwa mtu wa Afrika Magharibi, mrefu, mwenye adabu, asiyejua Kinyarwanda wala Kiswahili. Mimi nilikuwa mpiga chapa ofisini na Kifaransa changu kilikuwa kizuri, kwa hiyo nikaazimwa kumtafsiria. Dada alifurahi mno. Alidhani Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga.

Kifaa chake kilikuwa kidogo, kama redio ya mkononi, chenye kijiti na tufe jeusi kichwani. Alinieleza kwamba kinapima mawimbi yanayomfikia mtu wa kawaida pale anapoishi, mlangoni, jikoni, anapofulia. Lakini miili ya watu hupotosha mawimbi, kwa hiyo yeye asimame peke yake na wengine wote wakae mbali.

Hapo ndipo kazi iliposhindikana. Kwetu mgeni haachwi peke yake uani; ni aibu ambayo majirani wataisimulia mpaka Goma. Fundi akisogea penye jiko, mama mkwe anamfuata na kiti. Akienda penye kamba ya nguo, majirani wanamfuata, na nyuma yao wanakuja waliosikia kuna mgeni. Namba zilipanda na kushuka, naye akawa anafuta jasho na kuanza upya.

"Muambie akae kwanza," mama mkwe aliniamuru. "Mugeni hawezi kusimama inje peke yake, sawa mwizi."

Mwishowe nilipandisha sauti, na mimi nikipandisha sauti hata mbuzi husikia. Nikawafukuza wote mpaka barabarani. Walitoka wakinung'unika.

"Kama hakuna kintu, juu ya nini anatufukuza?" mzee mmoja aliuliza.

Dada akanishika mkono. Macho yake yalikuwa yanang'aa, na sikuwa nimeyaona hivyo tangu arusi yake. "Unaona? Anajua iko kintu. Na yeye anaogopa."

Nilijaribu kumweleza habari ya miili na mawimbi. Hakunisikia, na kusema kweli sikusema kwa nguvu. Ilikuwa vigumu kumnyang'anya ile furaha.

Fundi alipima kila pembe, akisimama kimya muda mrefu kila mahali, kisha akatuita. Tuliingia, tukaketi. Dada alimletea Fanta, akamfungulia, akapiga goti kidogo alipompa. Mgeni njoo mwenyeji apone. Mila inataka mgeni anywe kwanza, halafu maneno yake ayaelekeze kwa mkubwa wa nyumba, watu wote wakisikia. Nilimwomba kwa Kifaransa aniambie mimi kwanza, pembeni. Lakini mama mkwe alikuwa ameshavuta kiti chake mbele yake, na fundi, kwa adabu zake zile, akamgeukia.

Akasema kwamba mawimbi yapo, ila ni madogo sana, mbali kabisa na kiwango cha hatari. Hakuna mtu katika nyumba hii anayeweza kudhurika nayo. Alitabasamu aliposema hivyo. Alidhani ametuletea habari njema.

Nikatafsiri. Ningefanya nini? Mwanamume mmoja pale alijua Kifaransa kuliko mimi.

"Bon," mama mkwe alisema. "Donc antene haiko na kosa. Aksanti, mugeni. Umetutoa mu mashaka."

Hakumtazama dada, wala hakuna mwingine aliyemtazama. Shemeji aliinamia viatu vyake. Dada bado alikuwa amesimama na sinia tupu. Akaliweka chini, akaja mbele ya yule fundi, akaweka kiganja juu ya tumbo lake mwenyewe.

"Muambie apime na hapa," aliniambia. "Apime mi."

Nilimtafsiria. Fundi akajibu polepole kwamba kifaa chake hakipimi watu. Akaanza kukifunga kwenye mfuko wake.

Dada alirudi kwetu kabla maharage hayajavunwa. Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini, mama yetu alisema akimpokea. Shemeji alioa mwanamke wa Kanama, akamweka katika nyumba ileile, chini ya antena ileile. Mwaka uliofuata jirani mmoja alikuja kwetu na habari kwamba yule mwanamke amejifungua salama, mtoto wa kiume, mzito.

Dada alikuwa anamenya viazi. "Basi ile mashini haikudanganya," alisema, akaendelea kumenya.

Mimi nilitoka nje nikalia. Tangu nizaliwe, sijawahi kuhuzunika hivyo kwa habari ya mtoto aliyezaliwa mzima.