Kabula na Kuta za Bibi Felista

Harufu ya mavi mabichi ya ng'ombe yakikandwa pamoja na udongo si mbaya kama wanavyodhani watu wanaoisikia kwa mbali. Ina ubaridi fulani, na ina majani ndani yake, na ukikaa nayo kwa nusu saa pua huizoea. Mimi hainikeri puani. Hunikera mahali pengine. Nikipita kijiji cha Mwamkulu msimu wa kusiriba nyumba, wanawake wakiwa wamefunga kanga viunoni na mikono yao imejaa tope hadi kwenye viwiko, uso wangu hupata moto hata kama hakuna anayenitazama. Narudi kidato cha tatu, kwenye Oktoba ile ya jua kali iliyotangulia mvua, mwaka ambao karibu wote niliutumia kumwonea wivu msichana mmoja aitwaye Kabula.

Shule yetu ilikuwa Kawajense, na ndani yake tulikuwa na klabu ya huduma. Ilikuwa klabu ya wanafunzi waliojitolea Jumamosi kufagia zahanati, kuchota maji kwa wazee wasio na watu, kupalilia bustani ya mama aliyetoka kujifungua. Nasema bila haya kwamba klabu ile ilikuwa yangu. Ni mimi niliyeandika daftari la kwanza la majina. Ni mimi niliyezunguka nyumba kwa nyumba kuazima ndoo na majembe, na mama yangu ndiye aliyelalamikiwa majembe yaliporudi yamelegea mpini. Madam Devota, mwalimu mlezi wa klabu, alikuwa akiniita kwa jina langu lote, Anastazia, wakati wenzangu aliwaita "we mtoto". Kwa hiyo alipotangaza kwamba tutachagua mwenyekiti, na kwamba mwenyekiti atavaa skafu ya kijani na kuisemea shule yetu kwenye mkutano wa klabu za mkoa mzima, mimi nilikwisha kuijaribu ile skafu akilini mwangu na kuona inavyonikaa.

Kabula alijiunga mwaka huo huo. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliohamia na ng'ombe wao kutoka kaskazini, wakajenga Mwamkulu, na yeye alikuja shule kwa baiskeli ya kaka yake, sketi imefungwa kwa kamba isinaswe na mnyororo. Alikuwa mrefu, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi nzito ya Kisukuma, ila hilo halikumzuia kusema. Jambo lililoniudhi kuliko yote ni kwamba alikuwa anapiga goti anaposalimia. Alimpigia goti mlinzi wa shule, alimpigia goti mama muuza maandazi, alimpigia goti mgonjwa aliyelala na asiyemwona. Sisi tulimcheka pembeni. Kisha nikaona kwamba wazee wa mtaani wanaanza kuuliza, "Yule binti mrefu leo hakuja?" Hakuna aliyeuliza kama mimi nimekuja.

Uchaguzi ulifanywa kwa kujipanga. Wagombea, mimi na Kabula, tulisimama mbele tukitazama ukuta wa bwalo, na wapiga kura wakajipanga nyuma ya yule wanayemtaka. Madam Devota alisema, "Nyie wawili msigeuke mpaka niseme." Nikasimama nikihesabu nyayo. Nilisikia kandambili, nilisikia viatu vya ngozi, nilisikia watu wakinong'ona na kusukumana, na nyayo zote hizo zilikuwa zinakwenda kushoto kwangu. Niliporuhusiwa kugeuka, nyuma yangu walikuwa wanane. Nyuma ya Kabula mstari ulitoka nje ya mlango, na wa nne katika mstari huo alikuwa Rehema, niliyekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Alinikonyeza kana kwamba ananionea huruma. Sikuzungumza naye hadi wiki ya pili ya muhula uliofuata.

Nikapewa ukatibu. Katibu wa klabu ile alibeba daftari, na mwenyekiti alibeba sifa. Kabula hakujua namna ya kuendesha kikao, hivyo kila jambo aliniuliza, tena kwa heshima: "Dada Stazia, hapa tufanyeje?" Tulikuwa na umri mmoja, lakini aliniita dada. Nilimjibu kwa ufupi. Nilitamani awe na majivuno kidogo ili nipate sababu ya kumchukia, na yeye akaninyima hata hilo. Wivu usio na sababu unachosha. Nililala nao na kuamka nao, nikaanza hata kuiga mwendo wake wa mabega yaliyonyooka, mpaka mama akaniuliza kama shingo inaniuma.

Sasa nimtaje Bibi Felista. Alikuwa mjane wa Kipimbwe, peke yake katika nyumba ya miti na udongo kwenye njia ya kutoka Kawajense kwenda Mwamkulu. Mimi nami ni Mpimbwe, na mama yangu alisali naye jumuiya moja, kwa hiyo habari zake nilizijua zaidi ya wenzangu wote. Miaka michache nyuma, ng'ombe wa watu waliingia katika shamba lake la mpunga ukiwa umebakiza siku chache kuvunwa. Hawakuacha kitu. Mwenye ng'ombe hakujulikana, na mume wa Bibi Felista, aliyekuwa mgonjwa tayari, hakumaliza masika yale. Tangu hapo bibi aliapa mbele ya wanajumuiya kwamba kitu cha ng'ombe hakitavuka mlango wake. Hakunywa maziwa. Padri alipotembelea na kuletewa nyama na waumini, bibi alikula mboga za majani. Mama alinieleza habari hizo jikoni tukichambua mchele, nami nikazihifadhi bila kujua nitazifanyia nini.

Kuta za nyumba yake zililiwa na mvua na mchwa hadi miti ikaonekana kama mbavu, na klabu ikaamua kuzisiriba kabla mvua hazijaanza. Kwetu sisi nyumba husiribwa kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na pumba za mpunga. Nilikwisha kuonyesha kichuguu, na vijana wa kidato cha pili walikwisha kuchimba. Jumamosi ilipofika, Kabula akaja na baiskeli yake, nyuma amefunga viroba viwili vya mavi ya ng'ombe kutoka zizi la baba yake. Alikuwa anatweta na amefurahi kama mtu aliyeleta zawadi ya sikukuu. Bibi Felista hakuwepo, alikwenda msibani Kashaulili, na alituachia ufunguo. Kabula akavitua viroba, akanijia mimi kando ya ndoo.

"Dada Stazia, kwetu hatusiribi bila hii. Ukuta unashika, na mchwa hasogei. Ila we ni wa hukuhuku. Bibi hatachukia?"

Nakumbuka nilikuwa na daftari mkononi. Nakumbuka nilimtazama, na skafu ya kijani ilikuwa imelowa jasho shingoni mwake. Jibu nililijua lote, tangu mpunga hadi kaburi la mzee. Nikasema, "Wekeni tu. Atafurahi." Kisha nikaandika katika daftari kwamba kazi imeanza saa tatu.

Tukasiriba nje, tukasiriba ndani, tukalainisha sakafu. Nami nilisiriba kwa bidii kweli, kwa sababu kila mkono wa tope niliuona unanisogeza karibu na skafu. Saa nane mchana bibi akaonekana njiani. Alipofika kama hatua ishirini kutoka mlangoni akasimama, akainua pua. Akatazama viroba vitupu, akatutazama sisi.

"Nani kaniingizia ng'ombe ndani?"

Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Kabula akapiga goti pale pale juu ya tope, akasema ni yeye. Bibi akamuuliza ni mtoto wa nani, na Kabula, asiyejua uongo, akasema ni wa wafugaji wa Mwamkulu. Bibi Felista akageuza uso. Akaketi juu ya kinu kilicholala uani, mgongo kwa nyumba yake, akasema kwamba yeye humo haingii tena. Jioni ile mama alikwenda kumchukua akalale kwetu, na alilala kwetu siku kumi, akichambua mchele kimya pembeni yangu. Nilikuwa nakula sahani moja na mwanamke niliyemtoa nyumbani kwake.

Madam Devota alimfokea Kabula mbele ya wote. "Kiongozi gani haulizi? Unafanya tu kwa kuwa kwenu mnafanya?" Kabula akainua macho, na macho yale yakanipitia mimi. Nikaangalia viatu vyangu. Nilisubiri aseme kwamba aliuliza, na nani alimjibu. Hakusema. Alisema, "Nimekosa, Madam," basi. Jumatatu, baada ya mstari wa asubuhi, skafu ikafunguliwa shingoni mwake ikafungwa kwangu. Ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Watu wakapiga makofi, na Kabula alipiga makofi pia. Nilifurahi. Sitadanganya nikasema moyo ulinisuta siku ile. Nilifurahi hadi nikashindwa kula.

Niliuonja uenyekiti kwa wiki mbili. Kisha, kama kiongozi mwema, nikaamua kwenda na skafu yangu kumwomba radhi bibi kwa niaba ya klabu, kwani tulisikia amerudi kwake. Nilimkuta Kabula. Kumbe kila jioni baada ya masomo alikuwa akipita pale kukwangua. Alizikwangua kuta zote kwa kipande cha jembe, nje na ndani, akachimba sakafu, akazoa yote na kuyatupa mbali, kisha akaanza upya kwa udongo wa kichuguu na pumba, peke yake. Siku za kwanza bibi alikuja kutoka kwetu akasimama kwa mbali akimtazama bila kumsemesha. Siku ya nne akamwambia pumba zimezidi. Siku ya sita akaushika udongo mwenyewe kumwonyesha. Siku niliyofika mimi walikuwa wanakula karanga kutoka ungo mmoja, mikono yao ya rangi moja, na bibi alikuwa anacheka, yeye ambaye siku kumi kwetu hakucheka hata kidogo. Aliniona, akainuka haraka, akanifutia kigoda kwa kanga yake. "Karibu mgeni," akasema. Nikakaa juu ya kigoda na skafu yangu. Hotuba niliyoiandaa nikarudi nayo nyumbani.

Nilikwenda kwenye mkutano wa mkoa, nikazungumza vizuri, nikapigiwa makofi. Niliporudi, Kabula alikuwa bado anapita kwa bibi, ingawa alikwisha kuacha klabu. Skafu niliivaa hadi tulipomaliza kidato cha nne, na kila nilipoifunga nilijiuliza Kabula anafanya nini jioni ile.

Leo mimi ni mwalimu, na ni mlezi wa klabu ya shule ninayofundisha. Mambo yamebadilika. Wanafunzi wangu wana tisheti zenye maandishi mgongoni, wana grupu la wasapu, na wakifika kwa mzee hupiga picha kwanza na fagio, ndipo wanafagia. Siwacheki sana. Sisi hatukuwa na simu, lakini mimi nilikuwa na daftari, nami nilipenda kuonekana kama wao. Ninachofanya tofauti ni kwamba sipangi watu mistari. Wanapiga kura kwa karatasi, na aliyeshindwa nampeleka pembeni nikae naye, kwa maana namwogopa.

Mwaka jana niliwapeleka Mwamkulu, kwa Kabula. Ana shamba la mpunga na ng'ombe wachache, watoto watatu, na Bibi Felista, ambaye macho yamefifia na kuta zake zilianguka zamani. Anaishi kwa Kabula. Nilimkuta kivulini akiwakaripia wajukuu kwa Kisukuma, na Kabula akimjibu kwa Kipimbwe safi kuliko changu, maana mimi nimekaa mjini kimeniyeyuka. Nilimsalimu bibi, nikajitaja, nikamtaja na marehemu mama. Akaitikia vizuri, kisha akamuuliza Kabula huyu ni nani. Kando yake kulikuwa na kikombe cha maziwa, nusu kimenywewa.

Wanafunzi walipokwenda kuchota maji, nilimsogelea Kabula alipokuwa anapeta mpunga. Nikamwambia. Nilimwambia kwamba siku ile nilijua, nilijua yote, na nilisema "atafurahi" ili anyang'anywe skafu. Kabula akausimamisha ungo.

"Nilijua umenidanganya? Hapana," akasema. "Nilidhani na wewe hukujua, nikaona nisikuingize." Akatazama kivulini. "Ila dada Stazia, ungesema siku ile, si tungepaka pumba zetu, tukamaliza, tukaondoka? Bibi ningempatia wapi?"

Akaweka ungo chini. Akanishika mikono yote miwili, akapiga goti kidogo kama zamani, akanishukuru. Alikuwa anashukuru kweli. Nilikwenda kwake nimejiandaa kutukanwa, au kusamehewa, si kushukuriwa. Wanafunzi wangu wakarudi na ndoo, wakatukuta tumeshikana mikono, mmoja akatupiga picha. Picha hiyo ninayo kwenye simu. Mwaka mzima nilimwonea wivu kwa skafu, lakini sijawahi kumwonea Kabula wivu kama nilivyomwonea dakika ile.