Mbandika Tatuu na Hesabu ya Thelathini

Mbandika tatuu wa sherehe za watoto ana kitambaa kilicholowa, kucha zenye rangi isiyotoka, na sauti iliyokauka kwa kuhesabu. Kila tatuu ya karatasi huikandamiza mpaka thelathini, si ishirini na tisa. Mtoto akijitikisa, kipepeo hutoka na bawa moja, naye husonya na kuanza upya. Na watoto wana afadhali. Wanaomchosha ni mama zao, kama yule aliyejibandikia joka mwenyewe, kisha akaja juu: "Dada, hizi zako hazishiki!"

"Hata kiama hazitashika, dada yangu. Plastiki ya juu hujaibandua."

Leo amekwama kwa mwenye sherehe mwenyewe, binti wa miaka mitano anayeangua kilio kila kitambaa kinapomkaribia shavuni. "Haya basi, nibandike mimi kwanza," akamwambia, uvumilivu umemwishia. Mtoto akafuta machozi, akamwekea tatuu shavuni, akaikandamiza kwa kitambaa kilicholowa kwa viganja viwili, akahesabu polepole. Kufika kumi na mbili, maji ya baridi yakamchirizikia shingoni mbandika tatuu, akaruka.

Mtoto akasonya, vilevile kama yeye. "Anti, si utulie! Tunaanza upya. Moja..."