Mahali pa Kulala Kitui, Alivyosema Muthama

Hapa Tawa mtu akitaka kwenda Kitui, haulizi nauli kwanza. Anamuuliza Muthama atalala wapi.

Muthama anakaa kwenye baraza ya mashine ya kusaga unga, koti limefungwa vifungo vyote hata jua likiwa kali. Zamani alikuwa mlinzi Kitui, miaka mitatu. Alilinda geti moja. Ukimsikia utadhani alilinda mji wote.

Ukimuuliza, anachukua fimbo na kuchora mji kwenye vumbi. Hapa soko. Hapa msikiti. Hapa hospitali. Kisha anaanza kuukataa, mtaa kwa mtaa. Sokoni kuna wezi. Majengo kuna kelele. Karibu na hospitali hewa ni ya wagonjwa. Akimaliza, mji wote umekataliwa na wewe bado huna pa kulala.

"Na lojing'i?" mzee mmoja wa kanisa aliwahi kumuuliza.

"Lojing'i ni ya mtu asiye na watu," akasema Muthama. "Ama mwenye mambo yake. Kwani mzee, wewe una mambo yako?"

Mzee wa kanisa akakumbuka kwamba unga wake umeshasagwa.

Sote tulijua Muthama mwenyewe hulala Matinyani, kwa Mulwa, ndugu yake wa ukoo. Alituambia kila mwezi, akirudi kutoka kuuza ndengu. Huko kuna kitanda chake. Kuna blanketi lake. Hata akala zake, viatu vya tairi alivyoshona kwa waya wa shaba, aliziacha huko chini ya kitanda asisumbuke kuzibeba.

Mimi sikusoma. Kitui nilikuwa sijalala hata siku moja. Mke wangu Kaluki alipopelekwa hospitali ya huko, Jumatatu, nilikwenda kwa Muthama kama wengine.

Nilimwambia jambo moja tu. Kaluki hali chakula kutoka kwa mkono wa mtu mwingine. Nesi akimletea kijiko, anafunga mdomo. Geti la hospitali linafunguliwa mara tatu kwa siku. Nataka mahali rahisi, pa karibu, geti likifunguliwa niwe hapo na uji wa moto.

Muthama akachora. Akakataa mtaa mmoja, akakataa wa pili. Fimbo ikatoka nje ya mji, ikaenda, ikaenda, ikafika karibu na mguu wa mwenye mashine.

"Matinyani," akasema. "Kwa Mulwa. Bure kabisa. Sema umetumwa na mimi."

"Ni karibu?"

"Matinyani ni Kitui, Nthiwa. Ukisimama uwanjani unaona mji."

Ni kweli. Ukisimama unauona. Hata mwezi ukisimama unauona.

Mulwa alinipokea vizuri sana. Shida ilianzia hapo. Nilikuwa nimebeba kuku na ndengu, maana huwezi kuingia kwa watu mikono mitupu. Ile bure ilikuwa imeshaanza kula. Nikasema nimetumwa na Muthama.

"Muthama!" Mulwa akamtazama mkewe. "Yuko hai? Hatujamwona tangu tumzike mama."

Nilidhani ni utani. Nikauliza kitanda cha Muthama ni kipi. Wakacheka, nami nikacheka.

Jumanne niliamka mapema kupika uji. Mke wa Mulwa akaninyang'anya sufuria. Mgeni mwanamume jikoni kwake? Watu watasema nini? Akapika yeye, baada ya kukamua, baada ya chai, baada ya maombi. Mulwa anaomba kirefu. Alimwombea Kaluki, akawaombea madaktari, akaiombea barabara, akaiombea serikali ya kaunti. Mimi nilikuwa nimekumbatia chupa ya uji. Tukasema amina, nikapelekwa kuona ng'ombe. Huwezi kulala kwa mtu uondoke hujaona ng'ombe wake. Mmoja alikuwa na jicho baya. Nilielezwa historia ya jicho hilo tangu mwanzo.

Nilipofika hospitalini geti la mchana lilikuwa limefungwa. Jioni nilimwona Kaluki kidogo tu. Uji ulikuwa umelala.

Jumatano kuku wangu alichinjwa kwa heshima yangu. Kuku wa heshima haharakishwi. Asubuhi ikapita, mchana ukapita. Niliingia wodini jioni, watu wakitoka.

Kaluki alikunywa vijiko viwili.

"Baba Wavinya," akasema, "uji huu umetoka Mombasa?"

Nikafunga chupa. Nesi akanitoa.

Getini askari alinitazama. "Mzee, jana ulichelewa, leo umechelewa. Kwani unalala wapi?"

"Matinyani."

"Una mtu wako huko?"

"Ni mtu wa mtu."

Alicheka mpaka kofia ikalegea. Kisha akanionyesha kwa kidole. "Unaona ukuta huu? Nyuma yake kuna mlango wa kijani. Muulize Mishi. Mia nne kwa usiku, na majiko yapo uwanjani, kila mtu anapika chake."

Nilizunguka ukuta. Hatua mia moja hazikufika. Nikasimama mbele ya mlango wa kijani nikitazama kulia, nikitazama kushoto, mtu wa kanisa mlangoni pa lojing'i.

"Ingia, baba," akaita mama mmoja aliyejifunga leso, ndiye Mishi. "Hapa wote ni watu wa wodini."

Uwanjani walikuwa wazee wanne wamechuchumaa, kila mmoja na sufuria yake, wanakoroga uji. Basi hayo ndiyo yalikuwa mambo yao.

"Unatoka wapi?" Mishi akauliza.

"Tawa."

"Tawa! Kwa Mzee Muthama!" Akafurahi kama tumezaliwa pamoja. "Nitakupa namba tano. Namba tatu ni yake, huja kila mwezi na ndengu. Nimemweka peke yake kwa sababu anakoroma kama trekta."

Akafungua namba tatu anichukulie blanketi. Nikachungulia. Chini ya kitanda kulikuwa na akala, kushoto na kulia, zimepangwa vizuri. Zimeshonwa kwa waya wa shaba.

"Hana watu Kitui?" nikauliza.

"Anasema anao, tena wengi." Mishi akakung'uta blanketi. "Sijamwona na hata mmoja."

Alhamisi nilikuwa getini kabla askari hajalifungua. Mara tatu nilikwenda, mara tatu uji ulikuwa unatoa moshi. Kaluki alimaliza kikombe. Aliniuliza kama siku hizi nimeajiriwa hospitalini. Ijumaa asubuhi alikunywa nusu, akanishika mkono. Kabla ya adhuhuri akaenda.

Siku ya mazishi Muthama alisimama mbele ya watu akasema yeye ndiye aliyenitafutia pa kulala Kitui. Watu wakasema amina. Kaburi lilikuwa wazi. Nikachota udongo.

Siku hizi mahindi napeleka kusaga mwenyewe. Mwezi uliopita nilimkuta Mbithe kwenye baraza, na kitambaa mkononi. Bwana yake alikuwa amepelekwa hospitali ile ile. Muthama alikuwa ameshachora. Sokoni kuna wezi. Majengo kuna kelele. Fimbo ikaanza kutoka mjini.

"Mbithe," nikasema. "Nyuma ya ukuta wa hospitali kuna mlango wa kijani. Kwa Mishi. Mia nne, na jiko. Namba tatu usiombe, ni ya Muthama. Akala zake ziko chini ya kitanda."

Mwenye mashine alizima mashine asikie vizuri. Watu walicheka. Mmoja alimuuliza Muthama kama ana mambo yake. Mzee wa kanisa alicheka kuliko wote.

Muthama alitazama ramani yake. Mbithe alipokuwa anafunga mzigo, Muthama akanisogelea.

"Nthiwa, ungeniambia kando."

"Wewe pia ungeniambia kando. Ningekuwa na Kaluki siku mbili zaidi."

Muthama akarudi kwenye ramani. Alifuta Matinyani kwa mguu, polepole, kisha barabara yote mpaka mjini. Mbithe alikuwa ameanza kuondoka.

"Mama!" Muthama akamwita. "Omba namba tano. Jua la asubuhi linaingia ndani, utaamka mapema."

Ni kweli. Mimi nililala namba tano. Jua hilo linaingia, linafika mpaka kwenye mto. Niliamka nalo asubuhi mbili.