Jicho la Tantine Zawadi

Nilipokuwa mtoto, nyumbani kwetu Kasenga, mjini Uvira, nilijua kusoma macho ya watu kabla sijajua kusoma herufi. Macho mekundu ya moshi wa jikoni yalikuwa na udhuru. Ya mlevi yalikuwa na udhuru. Yaliyobaki yalikuwa ya mulozi, yaani mchawi.

Kwa hiyo jicho la kushoto la Tantine Zawadi lilipogeuka jekundu, nilianza kumchunga. Alikuwa dada mdogo wa baba, fundi wa nguo, na cherehani yake ilikaa barazani kwetu. Siku hizo hakupika, na pombe hakunywa kamwe. Kisha akaihamishia cherehani ndani na kushusha pazia, akisema mwanga unamchoma. Watoto wa jirani wakapata mzaha: jicho moja linalala, lingine linawinda.

Nilikuwa na ushahidi mwingine. Kila jioni, adhana ya magharibi ilipoanza, Tantine, Mkatoliki wa kwaya, alisimamisha kazi, akatoa kitu kwenye kopo la vifungo na kukimeza bila maji. Nilimwona mara tatu kupitia pembe ya pazia. Nikaenda kusimulia kwenye robine, tulipokuwa tumepanga ndoo tukingoja maji.

Wiki haikuisha kabla jicho halijaanza kupoteza nuru. Tantine alinipa sindano nimtungie uzi, kazi ambayo hakuwahi kunipa. Bibi, mama yake, hakusubiri. Fundi asiyeona ni mtu wa kulishwa, alisema. Dawa yake ilikuwa ile ya nyumba nyingi mtaani: maziwa ya mama anayenyonyesha, yakamuliwe moja kwa moja jichoni, asubuhi, siku saba. Katika siku hizo mgonjwa haendi hospitali, kwa sababu dawa mbili hazikai nyumba moja.

Asubuhi tukavuka njia hadi kwa Mama Furaha, aliyekuwa na mtoto wa miezi minne. Alipomwona Tantine alivuta kitenge, akamfunika mtoto kichwa pamoja na kifua chake.

"Matone mbili tu, binti yangu," bibi alisema.

"Bibi, unisamehe. Minye maziwa yangu haiingie mu jicho ya mulozi. Kesho mutoto wangu atanyonya nini?"

"Nani alikuambia iko mulozi?"

Mama Furaha alininyooshea kidevu. "Muulize huyu. Alisema ku robine: adhana ikilia, anameza kitu."

Bibi alinitazama. Tantine hakunitazama. Alijifunika kitambaa usoni.

"Mama, basi," alisema. "Minye naenda ku hopitali."

Bibi aliita pikipiki, kisha akanisukuma mgongoni. "Panda naye. Weye uko na macho mingi, utamuongoza."

Daktari aliuliza kwanza jicho limetiwa nini.

"Hakuna," Tantine alijibu. "Walininyima."

Hakuna aliyenitoa chumbani. Nilisikia kwamba uvimbe ulikuwa ndani ya jicho, si juu yake, na kwamba watu wanaoishi na virusi vya sida, yaani ukimwi, huweza kuupata. Daktari aliuliza kama anameza vidonge vyake. Kila siku, Tantine alisema. Adhana ndiyo saa yake. Daktari alisema kama Tantine angengoja siku saba, pengine jicho lingekwisha.

Jicho lilipona, lakini mboni haikurudi kuwa mviringo. Hadi leo ina pembe moja. Uzi anautunga mwenyewe. Mama Furaha bado huleta vitambaa vyake kwetu, na hadi leo husimama nje ya kizingiti. Sijui anachoogopa sasa ni ulozi au ni virusi. Nashuku kuna mwingine aliyesimulia kwenye robine baada yangu.

Ndugu zangu hupenda kusema mdomo wangu ndio uliookoa jicho lile, na Tantine huwaacha waseme. Mwaka jana nilimwuliza kama naye anaamini hivyo. Alikuwa ameinua sindano kwenye mwanga wa dirisha.

"Weye ulirusha jiwe," alisema, "ikapiga nyoka."

Akapitisha uzi, akafunga fundo, ndipo akanitazama kwa ile mboni yenye pembe.

"Lakini haukurushia nyoka."